Msiba wa Shemeji

Andongwisye alikuwa mkulima wa kakao pale Talatala, na kwa miezi kadhaa alitembea na wazo moja kichwani. Alilipata Matema, siku alipopeleka ndizi kwenye nyumba moja ya wageni kando ya ziwa. Aliona familia imepiga hema ufukweni. Mlango wa hema ulikuwa wazi kuelekea majini, mtoto anakula embe, mama anajisuka nywele, baba amelala chali na gazeti usoni. Hakuna aliyekuwa anamgombeza mwenzake.

Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mama Naomi, likizo hii tunakwenda kupiga kambi."

Tusekile alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Kwani tumefukuzwa?"

"Ni mapumziko. Familia inalala kwenye hema, inakula pamoja, inaongea."

"Baba Naomi, nyumba tunayo, ina bati na milango. Watu wa Kyela tukionekana kwenye turubai, ujue mto umevunja kingo. Tutaletewa mablanketi ya msaada."

Lakini Andongwisye akishaamua jambo, kumwambia aliache ni kumchosha msemaji. Alikwenda Kyela mjini, dukani kwa Badru, akarudi na hema la kijani lililokwisha kutumika, limeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Badru alimwapia kwamba lilikuwa la watu sita.

"Sita wanaolala?" aliuliza Tusekile alipoliona.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema sita wanaopendana."

Katika mpango huo mbwa hakuwemo.

Mbwa wao alikuwa mnene, wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina lake lilikuwa Shemeji, na hakuna aliyekaa akalitunga. Aliko, mdogo wake Tusekile aliyeishi Mwaya, ndiye aliyemleta akiwa bado mdogo wa kubebwa mkononi, na Andongwisye akawa anamwita "mbwa wa shemeji". Mbwa wa shemeji amekojoa mlangoni. Mbwa wa shemeji amekula kandambili. Maneno yakawa marefu mno kwa mbwa mwenye makosa mengi kiasi hicho, yakafupishwa. Mgeni mmoja wa kanisani aliyemsikia Andongwisye akifoka chumbani, "Shemeji, shuka kitandani kwangu!" alimaliza chai yake haraka na kuaga bila kumwangalia mtu usoni.

Shemeji aliletwa alinde kakao iliyoanikwa uani. Wezi walipokuja, aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi na kipande cha mkate mdomoni. Kwa Andongwisye maelezo yalikuwa rahisi: mbwa amefanana na aliyemleta. Yeye na Aliko walikuwa hawasemeshani tangu sherehe ya kipaimara ya Naomi, binti yake mkubwa. Siku hiyo Andongwisye alisimama akatoa hotuba kuhusu nidhamu. Aliongea mpaka wali ukapoa, na alipofika mahali alipopaona pazito kuliko pote, Aliko akacheka. Wala hakucheka kwa kujificha. Alicheka mpaka akatoka nje kujishikiza kwenye mti. Mwaka mzima ulikuwa umepita, na salamu zao zote zilipitia kwa Tusekile.

Basi ilikubaliwa kwamba mbwa atabaki, na jirani yao Lucy atampelekea ugali. Jumamosi asubuhi vitu vikapakiwa kwenye kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo ambayo Andongwisye alibebea kakao. Kabla ya kuwasha injini alikusanya simu zote mbili za nyumba ile, akazifungia kwenye droo ya gari. "Siku hizi tunaongea sisi kwa sisi," alisema. Naomi na mdogo wake Ambwene, aliyekuwa darasa la kwanza, walikuwa nyuma juu ya mizigo, wapole, wameweka mikono magotini. Upole ule peke yake ulitosha kumshtua mzazi yeyote, lakini Andongwisye alikuwa anawaza hema.

Walipofika Matema, pale milima inaposhuka karibu kabisa na maji, akashuka kufungua mizigo. Hema likapiga chafya. Kisha likajinyonganyonga, na Shemeji akatokea upande mmoja, anatikisa mkia, mdomo wote unang'aa mafuta. Sufuria ya kuku wawili wa kukaanga ambao Tusekile aliamka alfajiri kuwapika ilikuwa imelambwa. Hata mifupa haikuwemo.

"Naomi!" aliita Andongwisye.

"Alikuwa analia, baba. Tusingeweza kumwacha analia."

"Sasa ninalia mimi," alisema Tusekile, akiangalia ndani ya sufuria.

Kulisimamisha lile hema kulikula sehemu kubwa ya mchana. Badru alikuwa ameuza vyuma, kamba na kitambaa, ila hakuuza maelezo. Mara ya kwanza hema lilisimama ndani nje. Mara ya pili lilisimama sawasawa, lakini Ambwene alikuwa amefungiwa ndani na mlango haukuonekana. Tusekile alichoka kutoa ushauri usiosikilizwa, akachukua sufuria yake na kwenda kuiosha ziwani pamoja na Naomi.

Siku ya Jumamosi ni siku ya soko la vyungu pale ufukweni. Wanawake wafinyanzi wanakuja kwa boti kutoka Ikombe, kijiji kilicho nyuma ya mlima ambako gari halifiki, wanauza, na jioni wanarudi. Mmoja wao alikuwa Bibi Veronika, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu na huruma isiyochagua. Alikuwa anapita na kikapu chake cha usipa wakavu, wale dagaa wa ziwa hilo, alipoona hema limesimama, mwanamume amekaa mchangani ameshika kichwa, na mtoto kando yake ana machozi mashavuni. Alitua kikapu, akajifunga kanga vizuri, akaja na kuketi.

"Poleni sana," alisema.

"Ndaga, mama, asante," alijibu Andongwisye, akifurahi kwamba walau mtu mmoja ameuona mzigo wake. "Imekuwa kazi nzito."

"Ni nzito, mwanangu. Imetokea lini?"

"Tumeanza leo asubuhi."

"Leo hii! Ee Kyala, Mungu wetu. Ninyi ni wa wapi?"

"Talatala. Mimi ni Andongwisye, nalima kakao. Mke wangu ametokea Mwaya, ameshuka hapo majini."

"Mwacheni akae peke yake kidogo, inasaidia. Na ni nani hasa, mwanangu?"

Andongwisye alikuwa bado anatafakari swali hilo wakati Shemeji alipoingia kwenye hema kwa kasi, akakwaruza, na chuma cha katikati kikaanza kulala. Andongwisye aliruka kwenda kukishika. Ambwene naye akaanza kulia upya, akiita kwa nguvu zote, "Shemeji! Jamani, Shemeji! Shemeji!"

Bibi Veronika alifumba macho. Alichota usipa konzi mbili, akawaweka juu ya mkeka wao, akanyanyuka taratibu kama mtu asiyetaka kusumbua wafiwa. Andongwisye alipotoka ndani ya hema hakumkuta.

"Watu wa huku ni wakarimu," alimwambia mkewe aliporudi. "Mama mmoja ametuachia usipa. Ameniuliza habari zetu kwa upole kabisa."

Shemeji alikuwa amekwisha kuamua kwamba mtu anayeachia samaki mkekani anaweza kuachia wengine. Alikifuata kikapu.

Walikuja kugundua kwamba mbwa hayupo jua lilipoanza kushuka. Walitafuta nyuma ya gari, kwenye migomba, chini ya hema, ndani ya sufuria. Kisha wote wanne wakashika ufukwe kuelekea Lyulilo, kwenye maboti ya wavuvi. Hapo walimkuta kijana mmoja anashona nyavu, jina lake Eliud.

"Samahani, ndugu," alisema Andongwisye. "Hujamwona Shemeji akipita hapa?"

"Shemeji wa nani?"

"Wetu. Ni mnene, sikio moja limelala."

Eliud aliacha nyavu. "Pole. Alipata ajali?"

"Alizaliwa hivyo."

"Amevaa nini?"

"Hajavaa kitu. Hata kamba ya shingoni tulimvua, ilikuwa inambana."

Eliud aliwaangalia mmoja mmoja. "Ana akili timamu?"

"Hana," alijibu Tusekile.

"Ila hana ubaya," alisema Ambwene. "Ananusa watu tu."

"Ni mbwa," alisema Naomi. "Shemeji ni jina. Ni mbwa, kaka."

Eliud alishusha pumzi ndefu. "Si mngesema tangu mwanzo! Mbwa wa rangi ya chai? Ameondoka na wafinyanzi sasa hivi. Nilimwona amekaa mbele kabisa, utadhani boti ni yake."

Ambwene aliangua kilio. Andongwisye aliyaangalia maji, kisha akaliangalia hema lao kule mbali. Alikulia kwenye mashamba ya mpunga, na maji aliyoyazoea yalimfika magotini. "Atarudi mwenyewe," alisema. "Mbwa wana akili. Halafu lazima mtu abaki kulinda hema."

"Lile hema?" Tusekile alikuwa anakaza kanga kiunoni. "Mwizi akiweza kulifungua, mwacheni alichukue, amelifanyia kazi. Mbwa yule amekula kuku wangu wawili. Hawezi kuniponyoka kirahisi namna hiyo. Mwanangu Eliud, washa boti."

Hivyo Andongwisye akajikuta ameketi ndani ya boti, katikati, ameshika ubao kwa mikono yote miwili. Wimbi la kwanza lilimtoa kwenye ubao. La pili likamkuta amelala chali chini kabisa, juu ya nyavu, macho yamefumbwa.

"Nifunike," alimwambia mkewe. "Nisiyaone."

Tusekile alitandua kanga yake ya pili na kumfunika kuanzia kichwani hadi miguuni, akaikunja pembeni upepo usiipeperushe. Walipita karibu na mtumbwi wa mvuvi mmoja mzee. Mzee yule aliangalia ndani ya boti, akavua kofia, akaishika kifuani mpaka walipopita. Tusekile aliona ni adabu nzuri ya watu wa ziwani. Akainamisha kichwa kumshukuru.

Ikombe walimkuta Shemeji kwenye uwanja wa Bibi Veronika, kati ya vyungu vibichi vilivyoanikwa, tumbo limejaa. Hakuwa amevunja hata kimoja. Bibi mwenyewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akawaona, akashika kifua.

"Mbona mmeacha msiba na kuja huku?"

"Msiba gani, mama?" aliuliza Tusekile baada ya kumwamkia.

"Wa shemeji yenu."

Tusekile alimwangalia mumewe. Mumewe alikuwa bado anapepesuka. "Mama," alisema Tusekile, "Shemeji ndiye huyo hapo kwenye vyungu."

Bibi Veronika alimwangalia mbwa, akamwangalia Andongwisye, akarudi kwa mbwa. "Huyu ndiye Shemeji?"

"Ndiye."

"Na hakuna aliyekufa?"

"Kuku wawili tu, mama."

Bibi alikaa kwenye kigoda. "Nimelia njia nzima," alisema. "Wenzangu wote wamelia. Tumeimba nyimbo za faraja kutoka Matema mpaka hapa, na huyu mbwa anatuitikia!" Mabega yakaanza kumtetemeka, na kwa kitambo hawakujua kama analia tena. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mwiko ukamdondoka, na Shemeji akauchukua.

Alipotulia, uso ukambadilika. "Tatizo ni wale wa Mwaya."

"Wepi?"

"Walionunua vyungu kwangu. Waliuliza lile hema ni la nani, nikawaambia ni Andongwisye wa kakao kutoka Talatala, kafiwa na shemeji. Mama mmoja akasema mkewe ni mtoto wa kwao, habari ataifikisha mwenyewe."

"Nani ataamini?" alisema Andongwisye. "Shemeji yangu ni Aliko, na wanamwona yuko mzima. Watacheka, itaishia hapo."

Tusekile hakuwa na uhakika huo. Alitaka warudi palepale, lakini upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka ziwani, mawimbi yanavunjikia kwenye mawe, na Eliud alikataa katakata. Simu zilikuwa kwenye droo ya gari. Walikula kwa Bibi Veronika, wakalala kwa Bibi Veronika, na mtu pekee aliyefurahia upepo ule alikuwa Andongwisye.

Asubuhi alitangaza kwamba yeye atarudi kwa njia ya mlimani. "Mbwa anahitaji kunyoosha miguu," alieleza. Mkewe na watoto wangemaliza uji na kufuata kwa boti, na Bibi Veronika akasema naye atapanda, akasafishe maneno aliyoyamwaga.

Andongwisye hakufika mbali kabla njia haijamwangusha. Kando ya kijiji kulikuwa na shimo ambalo wafinyanzi wanachimba udongo wao, mvua ilikuwa imelijaza, na Shemeji alimpita miguuni mahali pabaya. Alitoka humo rangi moja kuanzia nywele hadi viatu. Jua lilipopanda, udongo ukamkaukia mwilini, ukawa mweupe kama majivu, na kila alipokunja goti ulipasuka kidogo. Mbwa naye alikuwa vilevile.

Alipokaribia Matema alisikia vilio. Aliona fuso limeegeshwa kando ya kirikuu yake. Hema lilikuwa limelazwa chini na upepo, na juu yake wamekaa wanawake wengi, wamejifunga kanga, wameelekea ziwani. Mbele yao, ukingoni mwa maji, walisimama waimbaji wa kanisani, na wanaume nyuma yao. Wote walikuwa wanaangalia majini, hakuna aliyegeuka.

Andongwisye alikuwa mtu wa heshima. Alivua kofia, akasogea kwa mwanamume wa mwisho, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, tata. Nani amefariki?"

"Andongwisye wa Talatala," alijibu yule bila kugeuza shingo. "Amezama. Mzee mmoja aliona mwili unapitishwa kwenye boti, umefunikwa kanga, mjane amekaa pembeni. Tunausubiri kutoka Ikombe."

Andongwisye alikaa chini. Alikumbuka lile wimbi la pili, na kwa muda mfupi hakuwa na uhakika.

Mbele, mtu mmoja alikuwa amesimama kuzungumza. Alikuwa Aliko. Habari zilipofika Mwaya kwamba huko Matema shemeji amefariki, Aliko alijipapasa, akajiona mzima, na akaelewa kwamba shemeji aliyebaki ni mmoja tu. Alipiga simu ya dada yake, ikaita bila kupokelewa. Akapiga ya Andongwisye, nayo hivyohivyo. Alfajiri walikuwa njiani na ukoo mzima.

"Shemeji yangu alikuwa mtu wa haki," alikuwa anasema, machozi yanamtiririka. "Alikuwa mkaidi, lakini wa haki. Mwaka mzima hatukusalimiana, kwa sababu nilicheka hotuba yake. Leo nasema mbele yenu, ile hotuba ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa ndefu," alisema mama mkwe, aliyekaa katikati ya hema.

"Ndefu, mama, lakini nzuri. Natamani angekuwepo anisikie."

Andongwisye alikuwa anamsikia. Mwaka mzima alikuwa amebeba kinyongo kama gunia, na kumbe huyu kijana alikuwa analia namna hii. Alinyanyuka, akasahau kila kitu.

"Sehemu ipi hasa iliyokugusa?" aliuliza.

Wakageuka.

Waliona mtu mweupe kama majivu, macho mekundu, ana kofia mkononi, na mbwa mweupe pembeni yake. Waimbaji walikuwa wa kwanza kuondoka, na kwa kuwa nyuma yao sasa kulikuwa na ziwa, waliingia ziwani. Yule mwanamume aliyemjibu Andongwisye aliingia kwenye fuso na kupandisha vioo. Aliko alitaka kukimbia, lakini Shemeji alikuwa amemtambua, akamrukia kifuani, na wote wawili wakaanguka mchangani, Aliko akipiga mayowe na mbwa akimlamba masikio.

Aliyebaki amekaa alikuwa mama mkwe, kwa sababu magoti yake hayakuwa ya kukimbia. Alimkazia macho mkwe wake.

"Andongwisye, umekufa au hujafa? Sema, watu wametoka mbali."

"Sijafa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nenda kaoge."

Boti ya Eliud ilifika waimbaji wakiwa bado kwenye maji. Bibi Veronika alisimama mbele na kuanza kuomba radhi kabla haijagusa mchanga, lakini hakuna aliyemsikia, kwa sababu Tusekile alikuwa amemwona mama yake, na mama yake amemwona Tusekile, na vilio vikaanza upya, safari hii vya aina nyingine. Habari ilisimuliwa mara ya kwanza na Naomi, mara ya pili na Bibi Veronika, mara ya tatu na yule mvuvi mzee, aliyesisitiza kwamba yeye hakudanganya, kwani alichokiona kilikuwa ni maiti kabisa. Kufika hapo watu walikuwa wanacheka wameshikana mabega. Yule wa kwenye fuso akashusha kioo kidogo.

Andongwisye alitoka kuoga akamkuta Aliko anamfuta mbwa udongo.

"Umesema hotuba ilikuwa nzuri," alisema. "Nina mashahidi fuso zima."

"Nilisema ukiwa umekufa."

"Basi niambie nikiwa hai. Ulicheka nini?"

Aliko aliinama, akaendelea kumfuta mbwa sikio lile lililolala. "Shemeji, ulipofika pale pa kusema mtu mwenye nidhamu anaonekana kwa mavazi yake, ukajionyesha kwa mikono miwili, zipu yako ilikuwa wazi. Na shati limetokeza."

Andongwisye aliiangalia zipu yake. Akamgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Nilikuonyesha kwa mkono tangu mwanzo," alisema Tusekile. "Ukadhani nakupa moyo, ukaongeza sauti."

"Na mwaka mzima hukuniambia?"

"Ulisema hutaki kusikia habari ya siku ile."

Ilikuwa kweli, alisema hivyo. Aliangalia ziwa, akamwangalia Aliko, na kile kicheko alichokikataa kwa mwaka mzima kikaanzia tumboni kikampanda. Alicheka akakosa mahali pa kujishikiza, ikabidi amshike Aliko.

Ukoo ulikuwa umekuja na mchele wa msiba, ndizi, kuni na masufuria makubwa, na hakuna aliyetaka kuvirudisha Mwaya. Wavuvi wakaleta samaki wabichi aina ya mbasa. Vijana wakalinyanyua lile hema kwa mara moja, likasimama wima, na mama mkwe akaingia ndani kulijaribu. Alijinyoosha katikati, akasema ni zuri, lina hewa, na yeye harudi na fuso. Ndivyo hema la watu sita lilivyopata mtu mmoja. Andongwisye na watoto walitandika mkeka nje. Bibi Veronika aliombwa abaki kula, akabaki, na kila mtu mpya aliyepita kutoa pole alimkaribisha yeye mwenyewe na kumpa sahani.

Alasiri Aliko alijaribu kumfundisha shemeji yake kuelea. Andongwisye alikubali maji yafike kiunoni, akasema kwa siku hiyo yanatosha, na Shemeji akaogelea akiwazunguka wote wawili, amebeba kandambili ya mtu.

Tusekile alisubiri mpaka hakuna aliyekuwa anamtaka kitu. Akashuka ziwani mbali kidogo na wengine, akaingia na nguo zake taratibu hadi maji yakamfika shingoni, na kanga ikatanda juu ya maji kumzunguka. Alikaa hivyo, ameelekea milimani. Wakamwita wali umeiva. Hakugeuka. Wakamwita tena, Naomi, kisha Ambwene, kisha Andongwisye mwenyewe kwa sauti ya hotuba. Tusekile alitoa mkono mmoja majini, akawaashiria waanze kula bila yeye.